Nyota Kongwe Huruka Polepole

Septemba 23

Mama wa Andacollo, Bikira mtakatifu, nimeona niwe nakuandikia. Nikipiga magoti usiku usingizi unanichukua kabla sijafika katikati ya maneno, na msimu huu nina mengi ya kukueleza. Si kwamba huyajui. Lakini mtu akilieleza jambo huliona vizuri zaidi.

Baba ametoka hospitali leo. Amekonda mpaka kofia inamzama masikioni. Daktari alituonyesha picha ya mapafu yake, meupe kama yamemwagiwa unga. Ni vumbi la mgodini, la miaka yote ile aliyochimba shaba kwa mkono milimani.

"Anaweza kuishi," daktari akaniambia, "akiishi kwa utulivu. Asipande ngazi, asibebe kitu. Na ile ngoma yenu ya kurukaruka, asahau kabisa. Akiruka vile mnavyoruka, moyo utasimama."

Baba akavaa koti lake taratibu, kisha akamwuliza: "Binti yangu amekueleza alichoahidi?"

Nikatamani sakafu inimeze. Wewe unajua nilichoahidi, Mama. Mwezi wa nane, kwenye ukumbi wa hospitali, yeye akiwa na mirija puani, nilikwambia: Mpe pumzi hadi Krismasi, nami nitamleta mbele yako akicheza. Ningeweza kusema "nitamleta" nikaishia hapo. Hilo neno "akicheza" nililiongeza mwenyewe, katika ule moto wa kuomba, kama mtu anayejaza ndoo mpaka inafurika. Na alipofumbua macho nikamwambia, nikidhani nampa furaha. Nilimpa. Ndiyo shida yenyewe.


Septemba 24

Upepo. Nimefua mashuka ya hospitali, yamekauka kabla sijamaliza kuyaanika.


Septemba 29

Baba ametoa filimbi yake kwenye kitambaa. Amekuwa mchino, yaani mtumishi wako achezaye kwa filimbi na ngoma, tangu alipokuwa na miaka saba, na kwa miaka mingi sasa yeye ndiye filimbi ya kwanza upande wa kulia, mbele ya ndugu wote wa kijiji chetu cha El Sauce. Amepuliza mara moja. Ikatoka sauti ya bata aliyekanyagwa, halafu kikohozi kilichomkunja hadi magotini.

"Umeona?" nikamwambia.

"Nimeona nini? Filimbi imekauka. Inataka maji."

"Wewe ndiye uliyekauka, baba."

"Basi nipe na mimi maji."

Nikampa maji. Akayanywa yote huku ananitazama juu ya glasi kama mtoto mtundu.


Oktoba 6

Mlimani tena, kwenye kituo cha darubini, zamu ya wiki nzima. Nimemwachia jirani funguo.

Kazi yangu nikimweleza mtu haielewi mpaka aione. Huletwa sahani ya alumini, pana kama gurudumu la mkokoteni, imetobolewa mamia ya matundu. Kila tundu ni mahali pa nyota moja. Chini yake zinaning'inia nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, kila uzi una kichwa kidogo cha chuma, nasi tunauchomeka kwenye tundu kwa vidole. Hiyo ni kazi ya mchana. Usiku sahani inafungwa kwenye darubini, na mwanga wa kila nyota unadondokea kwenye uzi wake, unateremka mpaka kwenye mashine inayousoma. Sisi muda huo tumelala fofofo. Miaka sita nashika nyota, na sijawahi kuiona hata moja kupitia darubini hiyo.

Tuko wawili, mimi na Gumercindo, ambaye ndiye pia mpiga ngoma wa wachino wetu. Matundu yamezungushiwa wino: mwekundu kwa nyota kali, mweusi kwa za wastani, wa buluu kwa dhaifu. Nyuzi nazo zimefungwa kwa vishada vya rangi hizo hizo, kumi, kumi, kumi, kwa sababu nyota kali ikikaa jirani na dhaifu ndani ya mashine huifunika kwa mwanga wake. Kumi kumi: mtu yeyote aliyelelewa na bibi anajua hiyo ni rozari. Mimi nasema nusu ya kwanza ya Salamu Maria, Gume anajibu nusu ya pili, na kwenye Amina uzi unaingia. Tukifika Baba Yetu, rangi inabadilika. Siku hizi hata hatuangalii rangi.

Leo katikati ya kishada Gume akauliza, "Na baba yako, don Clodomiro, Krismasi?"

"Daktari amekataza."

"Sikuuliza habari za daktari, dada Mira. Nauliza kama nafasi yake niiache wazi."

"Mtafute mwingine, Gume."

Akachomeka uzi. "Hakuna atakayesimama pale yeye akiwa hai. Wakisimama, mimi sipigi ngoma." Kisha, kana kwamba hakusema kitu: "Mtakatifu Maria, Mama wa Mungu..."


Oktoba 8

Ukungu umepanda kutoka baharini hadi kwenye geti la chini. Sisi tuko juu yake kama tumekaa kwenye kisiwa.


Oktoba 19

Nimekwenda kwa Padre Iturra baada ya misa. Ni mtu mpole. Akasema nadhiri inaweza kubadilishwa, Kanisa lina huruma, badala ya kucheza don Clodomiro aje amekaa kitini, nami nisali novena yako, ile sala ya siku tisa, tena na tena kuanzia sasa, basi, deni limelipwa. Nilitembea kurudi nyumbani miguu myepesi. Hata maua ya añañuca yaliyochipua njiani baada ya ile mvua ya Juni niliyaona kama yamechanua kwa ajili yangu.

Baba alikuwa anamenya maharage.

"Padre anaweza kubadilisha ahadi yako," akasema. "Si yangu."

"Wewe hukuahidi chochote!"

"Uliponiambia, nilisema Amina. Hukunisikia kwa sababu ya ile mirija." Akanirushia ganda la haragwe. "Mwanangu, mimi sikurudi kutoka kule ili nikae kwenye kiti kama gunia. Mama angeweza kunichukua palepale. Aliniacha nicheze."

"Alikuacha uishi."

"Na mimi nimesema nini?"

Nimeanza novena hata hivyo.


Oktoba 20

Hatusemezani. Supu imeungua.


Novemba 4

Mama, leo nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Jana nilimwomba Gume tuache rozari, tusali novena yako tukiwa kazini, maana nyumbani nakosa utulivu. Akakubali. Tukachomeka sahani nzima hivyo, kwa moyo wote, sauti zetu zikipandana vizuri kama kwaya. Sasa, novena ile niliyofundishwa na bibi ina Salamu Maria tisa, moja kwa kila mwezi uliombeba Mwanao. Tisa. Halafu Baba Yetu. Na kwenye Baba Yetu mikono yetu ilibadilisha matundu, kama ilivyozoea kwa miaka, huku kwenye kishada ikiwa imebaki nyekundu moja. Hiyo ikaingia kwenye tundu jeusi, nyeusi mbili zikaingia kwenye buluu, na hivyo hivyo kishada hadi kishada. Mashine ya kukagua inajua uzi upi uko tundu lipi. Wino haioni.

Usiku mzima wa jana darubini imefanya kazi bure.

Mchana, tukiwa tunakula dengu, Daktari Rebeca Hott akaingia chumba cha chakula. Ndiye mtaalamu wa nyota mwenye sahani ile. Ni mwanamke wa kusini kabisa, kwenye mvua, mrefu, sauti yake ndogo. Akasimama mbele yetu na karatasi.

"Sahani ya jana mliichomeka ninyi?"

Gume akaacha kijiko. Nikasema, "Ni mimi, Daktari. Ni kosa langu, yeye alinifuata tu."

"Sijaja kugomba. Nimekuja kuuliza. Mtu akikosea hukosea ovyo ovyo, hapa moja, pale mbili. Ninyi mmekosea kwa utaratibu! Kila nyekundu ya kumi! Nimekaa na hii karatasi tangu asubuhi, nimeshindwa."

Ikabidi nieleze. Novena, rozari, tisa, kumi, yote, macho yangu kwenye dengu. Mpishi naye alikuwa amesimama na upawa wake anasikiliza.

"Kwa hiyo," Daktari akasema polepole, "mnasali kwa kila uzi?"

"Ndiyo, Daktari."

"Kila nyota? Tangu mlipoanza?"

"Hatujaruka hata moja," Gume akasema. "Hata yale matundu ya anga tupu, ya kupimia giza. Hayo ndiyo yanahitaji zaidi."

Nilidhani atacheka. Akavuta kiti, akakaa. Akasema bibi yake alikuwa Mlutheri asiyetaka kusikia habari za Salamu Maria, angekufa mara ya pili akijua nyota za mjukuu wake zimepitia kwako zote. Hapo ndipo akacheka, na sisi tukacheka, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Sahani itarudiwa mwezi wa kumi na mbili. Alipoinuka akaniambia, "Bibi Edelmira, umewahi kuona kinachotoka upande wa pili?"

Nikamwambia sijawahi.

"Njoo kesho kabla ya chai."


Novemba 5

Sijui nianzie wapi.

Daktari Rebeca alinikalisha mbele ya kioo cha kompyuta yake. Palikuwa na utepe mrefu wa rangi kama upinde wa mvua ulionyooshwa, na juu yake mistari myeusi, myembamba, mingi. "Hii ni nyota moja," akasema. "Mwanga wake tumeupasua. Kila mstari ni kitu kilichomo ndani yake. Huu ni chuma. Hii hapa magnesiamu. Hii kalsiamu, ile ya mifupa."

"Chuma? Chuma hiki cha sufuria?"

"Hicho hicho."

"Na shaba?"

"Ipo. Kidogo sana, lakini ipo."

Mama, nikamfikiria baba, miaka hamsini akiikimbiza shaba chini ya ardhi kwa nyundo na taa, na kumbe ipo pia juu ya kichwa chake. Nikauliza iliingiaje huko. Akasema haikuingia, ilipikwa. Mwanzoni ulimwengu mzima ulikuwa na gesi mbili tu, na chembe chache za kitu cha tatu. Nyota za kwanza zikapika vitu vipya matumboni mwao, zikafa, zikavimwaga. Nyota zilizofuata zikaumbwa kwa kile kilichomwagwa, zikapika zaidi, zikafa, zikamwaga. Nikasema ni kama chungu cha supu kisichoondolewa motoni, kila anayeondoka anaacha chumvi yake.

"Ndivyo," akasema. "Na mimi kazi yangu ni kuonja. Nyota yenye chuma kidogo naijua ni mzee, ilizaliwa chungu kikiwa bado maji maji. Yenye chuma kingi ni kijana."

Kisha akanionyesha kwamba mistari ile haikai mahali pake. Kwenye nyota hii imesogea kidogo kuelekea kwenye nyekundu, kwenye ile imesogea kuelekea kwenye buluu. Inayosogea nyekundu inatukimbia, inayosogea buluu inatujia. Hakuna hata moja iliyotulia. Nilimwambia usiku mimi huziona zimetulia kama misumari ukutani. Akasema ni kwa sababu tuko mbali, na maisha yetu ni mafupi. Akachukua sahani ya chai, akaigeuza mbele ya macho yangu. "Galaksi yetu ni bapa hivi. Nyota zote zinazunguka katikati, upande mmoja, kama watu katika maandamano. Lakini hazitelezi tu. Zinapanda juu ya sahani kidogo, zinashuka chini yake, zinapanda tena, huku zinaendelea na safari."

"Hebu subiri, Daktari," nikasema. "Zinazunguka, na huku zinaruka?"

"Unaweza kusema zinaruka."

"Kwa mistari? Pamoja?"

"Pamoja, ila kila moja na mruko wake."

"Na jua?"

"Jua nalo. Sasa hivi liko juu kidogo ya katikati, linapanda."

"Na sisi?"

"Sisi tuko mgongoni mwake, bibi Edelmira. Wewe na mimi na hiki kikombe."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Mama, nimekuwa nikiona jambo hilo kila Krismasi tangu utotoni! Wachino wakiwa katika mistari yao, wakichuchumaa na kuruka, kuchuchumaa na kuruka, huku mstari mzima unasogea kuzunguka uwanja na wewe ukiwa katikati na maua yako. Nilidhani ni ya kwetu. Nilidhani ilianza na wachimbaji wa Andacollo. Kumbe tumechelewa kujiunga.

Machozi yalinitoka, na Daktari Rebeca hakuuliza kwa nini. Alinisogezea biskuti.

Nilipokuwa mlangoni nikageuka. "Nani wanaruka juu zaidi? Vijana, sivyo?"

"Hapana," akasema. "Vijana wanakaa karibu na sahani. Wanaoruka juu ni wazee, wale maskini wa chuma. Wamesukumwa huku na huko kwa muda mrefu mno. Hao ndio niliokuwa nawatafuta kwenye sahani yenu."

"Wazee."

"Wazee. Ila mruko wao ni wa polepole. Anayekwenda juu zaidi hukawia zaidi kurudi."


Novemba 6

Nimetoka na kikombe cha chai kuliangalia jua likichomoza nyuma ya safu ya milima. Gume kaniita, kaniita tena. Chai imepoa mkononi.


Novemba 15

Nimemweleza baba. Nilitumia sahani ya chai na punje za mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukohoa, jambo ambalo lenyewe ni la ajabu.

"Jua linaruka," akasema.

"Ndiyo."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Kwa siku! Baba, mruko mmoja ni mamilioni ya miaka."

"Basi magoti yake mabaya kuliko yangu." Akapiga mbavu zake kwa furaha. "Na hao wazee wasio na chuma ndio wanaokwenda juu?"

"Ndivyo alivyosema Daktari."

"Nimechimba maisha yangu yote, nikatoka bila madini. Sikujua natengenezewa mruko."

Tukacheka mpaka akaanza kukohoa, na kicheko kikaishia kwenye beseni. Nilimshika kichwa. Chepesi, Mama, kama mtungi mtupu. Alipopata pumzi nikamwambia: kwa hiyo unaona, si lazima ucheze. Ukiwa umekaa kitandani umeshabebwa, unaruka na jua, ahadi inatimizwa bila kunyanyua mguu. Nilikuwa nimeandaa maneno hayo njia nzima ya kuteremka mlima. Niliona ni mazuri.

"Jua linaruka kwa niaba yake lenyewe," baba akasema. "Halijasema ni kwa niaba ya Clodomiro Tabilo."


Desemba 3

Wamemletea mtungi wa oksijeni na mrija mrefu. Anatembea nao toka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani. Akifika kitini anakaa kama mtu aliyevuka mto.


Desemba 4

Joto. Mbwa amelala kwenye beseni la kufulia.


Desemba 17

Leo nimelitamka. Nimemwambia hatakwenda. Nimesema ahadi naivunja mimi, na Mama akitaka kuniadhibu aniadhibu mimi, nitapokea, lakini sitamvalisha baba yangu nguo za uchino ili nimtazame anaanguka kifudifudi mbele ya watu.

Hakupiga kelele. Akageuzia uso ukutani.

Nimekaa jikoni. Nakuandikia hivi nikiwa na hasira nawe pia, nisamehe. Ungeweza kunizuia pale ukumbini. Ungeweza kunitia kikohozi kabla ya neno lile moja.


Desemba 18

Hajala.


Desemba 20

Asubuhi nilipomletea uji alikuwa amekaa wima, kajichana.

"Yule daktari wako wa nyota," akasema. "Alisema wazee wanaruka polepole. Polepole kiasi gani?"

"Baba, tafadhali."

"Nauliza."

"Sana. Anayekwenda juu zaidi hukawia zaidi kurudi."

"Mwite Gumercindo."

Gume akaja mchana, kofia mkononi, akakaa ukingoni mwa kitanda. Baba akamwuliza, "Ngoma inamfuata nani?"

"Inafuata filimbi ya kwanza ya kulia, don Clodo. Unajua."

"Na mstari?"

"Mstari unafuata ngoma."

"Na filimbi ya kwanza ya kulia ikipuliza polepole?"

Gume akaanza kuelewa. Nikaona rangi inamtoka. "Don Clodo, wachino hawajawahi kwenda polepole. Nyuma yetu kuna ngoma nyingine ishirini. Watatupigia miluzi. Watatupiga kwa machungwa!"

"Sheria inasema haraka?"

"Sheria inasema filimbi ya kwanza."

"Basi." Akavuta pumzi kwenye mrija, mara moja, mara mbili. "Nitapuliza nikiwa na hewa. Nisipokuwa nayo mtangoja. Nikiwa nayo nitachuchumaa. Nikiwa nayo tena nitanyanyuka. Huo utakuwa mruko mmoja. Daktari alisema nisiruke kama mnavyoruka. Sitaruka kama mnavyoruka."

Gume akanitazama. Mimi nikautazama mrija. Hewa ilikuwa inapita ndani yake kwa sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona.

"Nani atabeba mtungi?" nikauliza.

Mama, sijui nilisemaje hivyo. Lakini baba alimeza uji wote.


Desemba 26

Naandika nikiwa Andacollo, katika sikukuu yako ya Krismasi, kwenye ua wa nyumba tuliyopewa nafasi ya kulala. Miguu imevimba. Nitaandika yote.

Nilimvalisha alfajiri. Shati la zambarau lenye shanga, na ile ngozi ya wachimbaji nyuma ya makalio, ambayo sasa inamzunguka karibu mara mbili. Mtungi niliufunga kwa kamba kwenye kigari changu cha kuendea sokoni. Padre Iturra alipotuona akafungua mdomo, akaufunga, akambariki mzee, akabariki na kigari.

Jua lilikuwa kali, vumbi, harufu ya maandazi ya maboga na jasho na waridi. Wewe ulikuwa umetoka kanisani, mdogo juu ya maua yale yote, uso wako wa mbao wa kahawia. Ngoma zikaanza pande zote. Zamu yetu ikafika. Wachino wa El Sauce wakajipanga mistari miwili, na baba akasimama mbele kulia, mahali palipoachwa wazi, nami nyuma yake na kigari.

Gume akainua fimbo ya ngoma, akangoja.

Baba akavuta hewa. Sikuwahi kujua kuvuta hewa ni kazi ndefu hivyo. Akapuliza. Ile sauti nzito iliyopasuka katikati ikatoka, fupi, lakini yenyewe. Mstari wote wa kulia ukapuliza baada yake, wa kushoto ukajibu. Kisha kimya. Kisha kimya bado. Gume mkono juu, jasho linamtiririka.

Nyuma yetu wakaanza. "Vipi huko mbele, mmelala?" "Sogeeni, watu wa El Sauce!" "Mkokoteni umekwama!" Mmoja akapiga mluzi. Kijana mmoja wa mstari wetu akageuka kutaka kujibu, Gume akamkazia jicho.

Baba akapuliza tena. Ngoma ikapiga, pigo moja. Akaanza kuchuchumaa, na watu wote wa mistari miwili, wanaume wenye mapaja ya kuchimba mawe, waliozoea kuruka kama panzi, wakachuchumaa kwa mwendo wake, mapaja yakitetemeka, maana kwenda polepole ni kazi ngumu kuliko kuruka. Wakakaa chini pale. Yeye akapumua. Wao wakapumua naye, nikawasikia wote, pumzi moja.

Sijui ilitokea lini. Nilichojua ni kwamba miluzi ilikuwa imekwisha. Ngoma iliyokuwa nyuma yetu, ambayo ilikuwa ikipiga haraka ili kutusukuma, ilikuwa imepoteza mdundo, halafu ikaupata wetu. Halafu iliyo nyuma yake. Kimya kilikwenda mtaa mzima, kati ya pigo na pigo, mpaka nikasikia bendera zikipepea. Uwanja wote ulikuwa unasogea kukuzunguka, Mama, polepole namna ile, kila mtu na mruko wake, na nikaona, kwa macho yangu haya ya darasa la nane, kile alichonionyesha Daktari Rebeca kwa sahani ya chai. Nilitaka kupiga magoti lakini nilikuwa nimeshika kigari.

Mrija ukajipinda. Nikainama haraka kuunyoosha, uso wangu ukawa karibu na ardhi, nyuma ya visigino vyake. Alikuwa ananyanyuka. Ile ngozi ya wachimbaji ikainuka, visigino vikainuka, kisha vidole. Nikaona mwanga chini ya viatu vyake, vyote viwili. Unene wa karatasi labda. Lakini mwanga wa jua ulipita chini ya baba yangu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na vumbi likapita ndani yake, na ulikaa pale muda mrefu kuliko inavyowezekana.

Kisha akatua.

"Mmoja," akasema, karibu bila sauti. Akakaa kwenye kigari changu cha sokoni, juu ya mtungi, na wachino wakacheza miruko iliyobaki.

Ahadi imelipwa. Sasa hivi amelala hapa pembeni yangu. Nimekuwa nikiangalia kifua chake tangu jioni, kinapanda, kinashuka.


Januari 9

Mlimani. Mimi na Gume tumerudi kwenye kumi kumi.

Daktari Rebeca amekuja kwenye meza yetu. Ile sahani tuliyoiharibu ilirudiwa na imesomeka vizuri, na ndani yake ameipata nyota moja ambayo karibu haina chuma kabisa. Mzee wa wazee. Inapita katikati ya sahani ya galaksi sasa hivi, karibu nasi, na itakwenda juu mno kabla ya kugeuka. Nilimwuliza ilikuwa tundu lipi. Akanionyesha. Lilikuwa la buluu, upande wangu.

Nimempigia baba simu. Hatoki tena kitandani, lakini anashika simu mwenyewe. Nikamweleza yote.

"Inaelekea wapi?" akauliza.

"Inapanda, baba."

Akanyamaza. Zamani kimya chake kwenye simu kilinitia hofu, nilianza kuita, baba, baba, upo? Leo nilingoja. Nilisikia mrija, hewa inaingia, hewa inakaa, hewa inatoka. Nje ya dirisha Gume alikuwa ananiashiria kwamba sahani nyingine imeletwa. Nikamwonyesha kiganja: subiri.

"Basi," baba akasema, "tusiiharakishe."